Jibu: Nifanye nini ndege waje uani kwangu Mwanza?

Karibu Mwanza, ndugu yangu. Umeuliza utawavutaje ndege bila kuwafuga, na ua wenyewe mdogo. Anza na maji: sahani pana ya udongo, kina cha vidole viwili, iweke kivulini. Yabadilishe kila siku, la sivyo mbu watazaliana. Ukipanda mshubiri, ukichanua tu, ndege wadogo waitwao chozi watakuja wenyewe kufyonza maua.

Ila mimi napenda zaidi kwera, wale wa manjano. Kama kuna mti wenye viota vyao jirani, waombe wenye mti wasiukate. Dume huchana nyasi nyuzi nyuzi, akasuka kiota chenye mlango kwa chini, kisha hujining'iniza hapo akipiga mabawa na kuita. Jike huja kukagua. Viota visipopata jike, dume huvibomoa akaanza upya! Chai yangu imepoa mara nyingi nikiwatazama.

Jioni shuka ziwani umwone mdiria wa madoa meusi na meupe. Husimama papo hapo angani, halafu anajitupa majini kuchukua dagaa. Na mchana jua likiwaka, angalia juu ya mawe: mjusi dume mwenye kichwa cha waridi na mwili wa buluu huwa anajianika hapo.