Vidonge vinavyonasa metali: majibu ya maswali yenu

Mikrokapsuli za polima ni kitu gani, na zinachaguaje metali moja ziache nyingine? (Mwanafunzi wa kemia, Morogoro)

Ni punje za plastiki, nyingi hazifiki hata milimita moja. Ganda lina vitundu vidogo sana, na ndani kuna kimiminika cha mafuta chenye kemikali inayoshika metali. Ganda halichagui chochote, kazi yake ni kubeba tu. Anayechagua ni hicho kimiminika, akisaidiwa na pH, yaani kipimo cha asidi ya maji: ikishuka, asidi imezidi.

Chukua kobalti na nikeli, namba 27 na 28 kwenye jedwali la elementi, majirani wanaosumbua kutenganishwa. Kemikali iitwayo Cyanex 272 huanza kushika kobalti maji yakiwa bado na asidi kidogo, wakati nikeli inangoja pH ipande zaidi. Kila ioni (chembe yenye chaji) ya kobalti ikiingia, ioni mbili za hidrojeni hutoka. Ndiyo maana maji huzidi kuwa na asidi kazi ikiendelea, na lazima uongeze alkali, la sivyo unasaji unasimama. Ukitaka kobalti yako, osha punje kwa asidi ya salfuriki yenye nguvu. Mwendo unageuka: hidrojeni inarudi ndani, kobalti inatoka.

Niko kiwanda cha shaba na kobalti, Kolwezi. Tayari tunachanganya maji ya madini na mafuta kwenye matangi. Vidonge vya nini? (Fundi)

Kwa mkondo wenu mkuu, endeleeni na matangi. Yanafanya kazi haraka na yanabeba mzigo mkubwa. Punje ni za polepole, kwa kuwa metali lazima ipenye ganda kwanza, na kila punje inabeba kidogo.

Ila mnajua gharama ya mafuta hayo: yanayopotea na maji, matope yanayojikusanya kati ya maji na mafuta, na moto. Mgodi wa Olympic Dam, Australia, uliunguliwa na sehemu hiyo hiyo ya kiwanda, ya kunasa metali kwa mafuta, mwaka 1999, kisha tena 2001. Mimi naona nafasi ya punje ni kwenye maji ya mwisho, yale yenye metali kidogo ambayo leo yanatupwa kwa sababu tangi zima halilipi. Unazijaza kwenye mnara, maji yanapita, basi. Udhaifu wake ni kwamba kimiminika huvuja polepole, na punje iliyotumika mara nyingi hunasa pungufu. Hilo ndilo limezifanya zibaki zaidi maabara kuliko viwandani.

Nasikia nyingine hutengenezwa kwa mwani. Mwani wetu wa Paje unafaa? (Mkulima wa mwani)

Zinazosemwa sana hutokana na aljineti, ute unaoganda wa mwani wa kahawia. Aljineti hukorogwa na mafuta, kisha hudondoshwa kwa sindano kwenye maji ya kalsiamu kloridi. Tone linaingia jeupe kama maziwa, na papo hapo ngozi inaganda. Ukilishika, linabonyea bila kupasuka.

Mwani wenu, dada, kotoni na spinosamu, ni mwekundu na hutoa karajinani, ute mwingine unaoganda. Ya kotoni huganda kwa potasiamu, kwa hiyo punje zinatengenezeka. Tatizo ni asidi: huikata karajinani, na joto likiwepo ndiyo haraka zaidi. Kwa maji yasiyo na asidi kali inafaa kujaribiwa, na ningefurahi sana kuona wanakemia wa Zanzibar wakilishika jambo hili.

Je, nikiwa nazo naacha zebaki kwenye dhahabu? (Mchimbaji mdogo, Chunya)

Hapana, kaka. Punje hunasa metali iliyokwisha kuyeyuka majini. Dhahabu yako bado iko ndani ya mwamba au marudio (mchanga uliobaki baada ya kusaga na kuosha), na kuiyeyusha kunahitaji sayanaidi au kemikali nyingine kali. Baada ya hapo kaboni, yaani mkaa maalumu, huinasa vizuri. Cha kufanya sasa: usichome zebaki wazi, wala karibu na watoto na chakula. Tumia retoti, mvuke upoe na zebaki irudi kwenye chombo.