Bash, zsh au fish kwa anayeanza kazi ya seva?

Ndugu, umeuliza kama uachane na bash kwenye Ubuntu yako (aina ya Linux) uhamie zsh au fish, huku lengo lako ni kusimamia seva. Zote tatu ni shell, yaani programu inayopokea amri unazoandika na kuziendesha. Ushauri wangu: jifunze bash kwanza, tena vizuri. Seva nyingi za Linux utakazoingia utaikuta inakusubiri, na hutaruhusiwa kila mara kusakinisha unachopenda.

Fish ni tamu kuandikia, sikatai. Ukianza kuandika amri, inakuonyesha kwa rangi ya kijivu ile uliyoitumia juzi. Unabonyeza mshale wa kulia, imekamilika. Lakini sarufi yake ni nyingine. Andika `jina=Asha` kama ulivyozoea, itakataa; inataka `set jina Asha`. Kitanzi (loop, amri zinazorudiwa) nacho hufungwa kwa `end`, si `done`. Zsh iko karibu zaidi na bash, na ndiyo chaguo-msingi la macOS tangu 2019, ila orodha zake (array) huanza kuhesabu kwenye 1 badala ya 0.

Jambo lililonipotezea usiku mzima: kwenye Ubuntu, amri `sh` haifungui bash, inafungua dash, shell nyingine ndogo. Niliendesha skripti yangu (faili la amri) ya bash kwa `sh nakala.sh`, ikanijibu `[[: not found`. Alama ya `[[` ni ya bash, dash haiijui. Skripti haikuwa na kosa, niliyekosea ni mimi kuiita hivyo. Weka `#!/bin/bash` mstari wa kwanza, uipe ruhusa ya kuendeshwa kwa `chmod +x nakala.sh`, kisha iite `./nakala.sh`.

Fish iweke kwenye laptop yako ukipenda. Skripti ziandike kwa bash.