Jenereta isipitie kwenye kontrola ya sola

Ndugu yangu wa Kipungani, umeuliza kama jenereta yako ya kilowati 1 waweza kuiunga kwenye kontrola ya sola, kile kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri, ijaze betri mbili za Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha umeme ambao betri huhifadhi), maana masika hii jua ni haba. Tafadhali usifanye hivyo. Soketi ya jenereta hutoa volti 240 za mkondo geu (AC), na kontrola imeundwa kupokea mkondo mnyoofu (DC) wa paneli. Itaungua papo hapo. Tundu la volti 12 lililo kwenye jenereta nyingi nalo halifai: mara nyingi hutoa ampea 8 hivi tu, tena bila kudhibitiwa.

Tafuta chaja ya betri inayojirekebisha, yaani inayopunguza mkondo yenyewe betri zikikaribia kujaa. Ichomeke kwenye soketi ya jenereta, nyaya zake ziende moja kwa moja kwenye betri, na kontrola ibaki na paneli zake. Kwa betri za asidi zilizoungwa sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi), ampea 20 zinatosha. Chaja itavuta kama wati 400, mzigo ambao jenereta yako inaumudu vizuri.

Washa asubuhi, betri zikiwa chini. Zikikaribia volti 14.4 mkondo huanza kupungua, na petroli inaungua bure huku kinachoingia ni kidogo; zima, umaliziaji uachie jua la mchana hata likiwa hafifu.

Jenereta ikae nje, mbali na madirisha. Nakusihi sana kwa hili, moshi wake huua watu usingizini. Betri nazo ziwekwe penye hewa, na vichwa vyake vya kuungia nyaya uvipake grisi, chumvi ya bahari huvila upesi.