"Kalavati linajengeka upya": mafundi wameanza kazi, au bado?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kwenye kikao cha mtaa hapa Ujiji, mwenyekiti alisema kalavati lililobomolewa na mvua "linajengeka upya". Nusu yetu tukapiga makofi tukijua mafundi wameshaingia kazini. Kumbe alimaanisha linafaa kujengwa. Nani hajui Kiswahili?

JIBU: Marahaba. Mnakijua nyote. Aliyewachanganya ni kauli ya kutendeka, ambayo ina sura zaidi ya moja. Kuna hali: kikombe kimevunjika. Kuna uwezekano: barabara inapitika, deni halilipiki. Mwenyekiti alikuwa kwenye uwezekano: likiletewa saruji na nondo, kalavati linakubali. Mafundi wangekuwapo, angesema "linajengwa", maana -w- ya kauli ya kutendwa ndiyo humpa nafasi mtendaji: linajengwa na fundi. "Linajengeka na fundi" haisemwi.

Lakini nanyi siwalaumu. Mtu akisema "Kasulu inajengeka siku hizi", hana maana kwamba Kasulu inaweza kujengwa. Anaona nyumba zikiongezeka. Hapo ndipo makofi yenu yalipotoka.

Uwezekano huu ni sifa iliyomo ndani ya kitu chenyewe, hata kama hakuna aliyekigusa. Mfano mnao: Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 (vyombo vya majini huundwa, majumba ndiyo hujengwa, ingawa magazeti yamekwisha kusahau), ikafumuliwa, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma. Mle masandukuni haikuwa meli, ila ilikuwa inaundika upya, kwa kuwa kila kipande kilijulikana kinakaa wapi. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe wasije wakanyang'anywa. Tazama vitenzi: ilizamishwa, haikuzama tu, na kwa kuwa walitangulia kuipaka mitambo grisi, haikuharibika. Waingereza waliiibua mwaka 1924, ikarudi kazini 1927. Miaka yote ile ilipokuwa chini ya maji ungeweza kusema "inatengenezeka", na usingekuwa umesema uongo, japo hapakuwa na fundi wala spana.

Kuhusu "upya", msiifanye kisawe cha "tena". Kujenga tena ni kurudia kazi. Kujenga upya ni kuanza tangu msingi, pengine hata kwa ramani nyingine. Kuziba nyufa za kalavati ambalo bado limesimama ni kulikarabati.

Ukikanusha, utata hupungua sana. "Halijengeki" ni kwamba limeshindikana. "Halijengwi" ni kwamba hakuna anayejenga. Huenda ni fedha tu hazijaja.

Katika muhtasari, katibu aandike "linaweza kujengwa upya", kisha aweke na tarehe ya kuanza kazi, maana hiyo haimo katika kauli yoyote ya kitenzi.