Baba anahema akitembea: apumzike au aendelee?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu, miaka 66, ana ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Akitembea mita 50 tu anahema, kwa hiyo tumemkataza kazi zote. Jirani ametuletea unga wa mitishamba wa kusafisha mapafu. Tumpe? Na mazoezi hayatamdhuru?

JIBU: Marahaba. Mwondoeni kwenye kiti. Mmemkalisha kwa mapenzi, najua, lakini kukaa ndiko kunakommaliza. Kuhema si dalili kwamba mapafu yanaumia. Misuli ya mapaja isipotumika husinyaa, huchoka kwa kazi ndogo na kumwaga asidi mapema kwenye damu, na mwili huharakisha kupumua ili kuiondoa. Baada ya miezi kadhaa ya kupumzishwa, mita 50 huwa 30, na familia husema ugonjwa umezidi, kumbe miguu ndiyo iliyodhoofika.

Daktari wake akithibitisha kuwa hali imetulia, na kama ana dawa ya kuvuta ya kufungua njia za hewa haraka, aivute dakika 10 hadi 15 kabla. Atembee tambarare dakika 2, asimame 1, mara 5. Aongeze taratibu mpaka dakika 20 au 30, siku 3 hadi 5 kwa wiki. Hewa aivute kwa pua akihesabu 2, aitoe kwa midomo iliyobinywa, kama anayepuliza mshumaa, akihesabu 4. Kuhema kubaki 3 au 4 kati ya 10 (0 ni kutohema kabisa, 10 ni kuhema kupita kiasi): aweze kusema sentensi fupi. Aongeze kuinuka na kukaa kitini mara 8, akitoa pumzi anapoinuka. Wengi hubana pumzi hapo, wakaishiwa nguvu. Akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au mapigo yanayorukaruka, aache na atafute daktari.

Unga huo msimpe. Hakuna unga unaorudisha vifuko vya hewa vilivyoharibika, na wauzaji wake mara nyingi humwambia mgonjwa aache dawa ya kuvuta. Dawa za namna hii zimewahi kukutwa zimechanganywa kwa siri na steroidi, dawa kali za kupunguza uvimbe: mgonjwa hupata nafuu ya haraka, kisha sukari na shinikizo la damu hupanda. Kwa wenye moyo dhaifu hatari ni kubwa zaidi, maana mitishamba kadhaa huvuruga wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) na digoksini (dawa ya moyo). Hao nao watembee, ila wajipime uzito kila asubuhi. Ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, maji yanajikusanya mwilini. Siku hiyo hakuna mazoezi, ni kwenda kwa daktari.