Kuwajibu wazazi wanaolalamikia wingi wa kazi za nyumbani

Mwalimu, nimekuelewa: wazazi wa kidato cha pili wanalalamika kwamba kazi za nyumbani zimezidi, na mkuu wa shule amekuachia wewe uwajibu. Kabla ya kuandika lolote, chukua madaftari ya mwanafunzi mmoja uhesabu kazi alizopewa wiki nzima; mimi nilipofanya hivyo nilikuta walimu wanne wametoa kazi Alhamisi moja, na utetezi wangu ukaishia hapo. Kisha andika waraka mmoja unaotaja walichosema, mtakachobadilisha na lini, na msichoweza kubadilisha pamoja na sababu yake, jambo ambalo shule nyingi hulikwepa. Lalamiko la mtoto kupigwa au kunyanyaswa lisiingie humo kabisa: lifikishe siku hiyohiyo kwa mkuu wa shule na kwa wahusika wa ulinzi wa mtoto.