Abiria wa basi analipa tangu zamani

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama ni haki kumtoza dereva ada ya msongamano anapoingiza gari lake katikati ya jiji kubwa. Mimi nasema ni haki, ila kwa sharti moja: basi litangulie, ada ifuate. Nayasema haya nikiwa na gari langu, na nikiwa mtu ambaye kwa miaka mingi sikutaka hata kusikia habari ya ada hiyo.

Hoja yangu ilikuwa ile ile ya madereva wengi. Nimenunua gari kwa jasho langu, nimelipa ushuru, nimelipa bima, kila nikijaza mafuta nakatwa kodi ya barabara. Sasa mtu anisimamishe mlangoni mwa jiji anidai tena? Nilikuwa naona ni kukamuliwa tu, na ninawaelewa vizuri wanaoona hivyo mpaka leo.

Kisha gari likaharibika, likakaa gereji wiki tatu, nikarudi kwenye basi. Siku ya pili nilisimama karibu na dirisha, mkono mmoja nimeshika bomba, begi la mtu linanisukuma mgongoni. Ukiwa ndani ya basi unayaangalia magari kwa juu, unaona mpaka viti vyao, jambo ambalo dereva mwenzao haoni. Nikaanza kuhesabu. Mtu mmoja. Mmoja. Mmoja. Wawili. Mmoja, anachana nywele. Mmoja, simu sikioni. Nilipofika gari la arobaini nikaacha: thelathini na tatu kati ya hayo yalikuwa na dereva peke yake. Ndani ya basi letu tulikuwa tumebanana, tunazidi sitini, na hatukuwa na pa kupenya. Mbele yangu alikaa mama mmoja, mtoto amemlalia mapajani. Alikuwa akitazama saa kwenye simu, anairudisha mkobani, anaitoa tena. Mwishowe akapiga, akasema kwa sauti ya chini, "Samahani bosi, nipo njiani, foleni haisogei." Ile sauti naifahamu. Ni ya mtu anayejua kwamba dakika zile zitahesabiwa kwenye mshahara wake.

Pale ndipo hesabu yangu ya zamani ilipovunjika. Nilikuwa nadhani barabara ni ya bure na kwamba ada ndiyo ingeifanya iwe ya kulipia. Kumbe saa za msongamano barabara ina bei tayari, ila bei yenyewe inalipwa kwa muda. Na anayelipa nyingi si yule anayechukua nafasi kubwa. Mimi peke yangu kwenye gari nilikuwa nachukua eneo ambalo ndani ya basi wangesimama watu kumi, tena kiyoyozi kinanipuliza. Gharama ya ule ukubwa wangu aliibeba yule mama.

Mchumi William Vickrey, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alilisema hili miongo mingi iliyopita: kila gari linaloingia kwenye barabara iliyojaa linawachelewesha wote walio nyuma yake, na mwenye gari halipii ucheleweshaji huo. Alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1996. Bima na kodi ya mafuta haviujui msongamano. Lita moja inakatwa kodi ile ile uiunguze alfajiri barabara ikiwa nyeupe, au saa mbili asubuhi katikati ya jiji. Ndiyo maana sikubali tena kwamba "nimeshalipa". Nimelipia barabara kuwepo. Nafasi ya saa mbili asubuhi sijailipia, na nafasi hiyo nikiichukua mimi, mwingine anaikosa.

Sasa nije kwenye pingamizi zito kuliko yote: kwamba ada inamwondoa maskini barabarani ili tajiri apite bila usumbufu. Sitaki kulipita juu juu, kwa sababu lina ukweli ndani yake. Ada ya kiwango kimoja kwa mwenye kampuni ni senti, kwa fundi mwenye gari chakavu lililojaa vifaa ni sehemu ya chakula cha siku. Lakini tumtafute maskini mwenyewe yuko wapi. Katika majiji makubwa yaliyoweka ada hii, wengi wa wanaoingia katikati asubuhi hawaji na magari binafsi. London, kabla hata ya ada kuanza, umati ulikuwa unaingia kwa treni na mabasi. Kwa hiyo tukisema tuiache barabara wazi kwa ajili ya maskini, wengi wa hao maskini tunaowatetea wamo ndani ya basi, wamekwama nyuma yetu.

Haki ya jambo hili naiona kwenye mpangilio wake kuliko kwenye kiwango cha ada. Stockholm, mji mkuu wa Sweden, walianza kuongeza mabasi mwezi Agosti 2005. Ada ya majaribio ikaja tarehe 3 Januari 2006, ikakoma mwisho wa Julai mwaka huo huo. Magari yanayovuka mpaka wa eneo la ada yalipungua kwa kama asilimia 20. Inaonekana ni kidogo, lakini barabara iliyojaa hadi pomoni haihitaji kupunguziwa nusu ya magari ili ianze kusogea. Mwenye kuendesha anajua tofauti kati ya asubuhi ya kawaida na asubuhi ya likizo ya shule. Majaribio yalipokoma magari yakarudi, watu wakaonja vyote viwili. Septemba 2006 wakapiga kura, na ndani ya jiji lenyewe walioikubali wakawazidi walioikataa. Mwaka 2007 ikawa ya kudumu. Edinburgh, kule Uskoti, waliulizwa kuhusu ada mwaka 2005 kabla ya kujaribu chochote, na karibu robo tatu ya waliopiga kura wakasema hapana. Siwalaumu. Ukiniuliza kama nataka kulipa leo kwa ajili ya basi nitakaloahidiwa kesho, na mimi nitakataa.

London nao, ada ilipoanza tarehe 17 Februari 2003 kwa pauni 5 kwa siku, waliongeza mabasi yapatayo 300, na sheria ikataka fedha zinazobaki baada ya gharama ziingie kwenye usafiri. Hilo kwangu ni la lazima. Fedha ikitumbukia kwenye mfuko mkuu wa serikali na kupotelea humo, basi mlichotuwekea ni tozo nyingine tu, na hapo nitasimama na wapinzani.

Palepale London kuna jambo ambalo sijawahi kulikubali. Wakazi wa ndani ya eneo la ada waliwekewa punguzo la asilimia 90. Fikirini: anayeishi katikati kabisa ya jiji, mahali ambapo nyumba ni ghali kupindukia na kituo cha treni kiko hatua chache, ndiye anayepewa nafuu kubwa, na mfanya usafi anayetoka pembezoni alfajiri analipa kamili. Nafahamu sababu yake, kwamba mtu asitozwe kwa kutoka nyumbani kwake. Bado naona nafuu imemkuta asiyeihitaji. Misamaha hii inahitaji kuangaliwa kwa jicho kali. Magari ya kukodi ya kuitwa kwa simu yalisamehewa ada London mpaka mwaka 2019, wakati ambapo idadi yake ilikuwa imeshaongezeka mno, na dereva wa kawaida akawa analipa ili abaki kwenye foleni ile ile.

Msamaha ninaoupenda ni wa zamani sana. Singapore ilianza kutoza mwaka 1975, kabla ya kamera na kompyuta: dereva alinunua leseni ya karatasi, dola 3 za huko kwa siku, akaibandika kwenye kioo cha mbele, na walinzi wakasimama kwenye maingilio kuitazama. Gari lenye watu wanne au zaidi lilipita bila kulipa. Yaani walihesabu watu, si mabati. Tangu 1998 wanatoza kwa mitambo na bei inabadilika kulingana na saa na barabara, kazi nzuri kabisa, ila ule msamaha wa watu wanne uliondolewa hata kabla ya hapo, na mimi ningeurudisha kesho asubuhi.

New York walipoanza tarehe 5 Januari 2025, kwa dola 9 mchana na dola 2.25 usiku kwa gari dogo, waliweka nusu bei kwa wenye kipato kidogo. Nikafurahi, kisha nikasoma masharti: nusu bei inaanza baada ya safari 10 za kwanza za mwezi, na ni lazima uombe, uthibitishe kipato. Huyo anayefanya kazi mbili atapata wapi nafasi ya kujaza fomu, na kwa nini safari zake 10 za kwanza alipe sawa na bilionea? Kama serikali inazijua namba za gari langu kwa kamera, na inakijua kipato changu kwa kodi ninayolipa, punguzo lingeweza kuja lenyewe. Bei ya usiku hapo wamefanya la maana. Muuguzi anayetoka zamu saa nane za usiku hana basi la kumsubiri, wala hamcheleweshi mtu.

Wapo ambao hawatakiwi kulipa hata senti saa yoyote, na hapa nazungumza nikimfikiria mzazi wangu. Magoti yake hayapandi tena ngazi ya basi. Siku za kliniki namwingiza kwenye gari taratibu, namfungia mkanda, tunaingia mjini saa ambayo daktari amepanga. Jiji linaloniambia nimpeleke kwa basi halijamwona. Karatasi ya hospitali yenye tarehe na saa ya miadi ingetosha kuwa kibali.

Gari langu lilitoka gereji zamani, na siku ambazo sina mgonjwa wa kupeleka nalitumia bado, kwa sababu basi ninalolihitaji halipiti kwetu mara za kutosha. Lipite kila dakika kumi, lipewe njia yake, kisha nileteeni bili ya ada. Na kila basi litakalonunuliwa kwa fedha hiyo liandikwe ubavuni, kwa herufi ambazo dereva aliye kwenye foleni anaweza kuzisoma: mwaka liliponunuliwa, na kwamba limetokana na ada yake.